Vizingiti vya Nyumba ya Zamani

Machi 3

Tumehama. Mgongo unaniuma, na sufuria yangu kubwa sijui iko boksi gani. Daftari hili nimelikuta nyuma ya kabati tulipolisogeza, jeupe, halijaandikwa hata jina. Nimejiambia nitaandika humu mpaka mvua ziishe, nione kama nyumba hii itanipokea au itanitema. Kwa leo inanitema.

Machi 4

Jana niliandika kwa hasira. Wacha nianze vizuri.

Nyumba yetu ya zamani imekwenda na barabara. Watu wa barabara mpya walikuja kupima, wakapiga alama nyekundu ukutani, na baada ya hapo mama mkwe alikuwa akipita pale anapapasa ile rangi kwa kiganja kana kwamba itafutika. Alama yenyewe haioni. Macho yake yalianza kuingia ukungu mwaka ule binti yetu alipoolewa akaenda mbali, na sasa ukungu umefunga kabisa. Lakini ndani ya nyumba ile mgeni asingejua. Aliingia humo akiwa mwali na hakuwahi kulala kwingine. Alikwenda msalani mwenyewe, alichemsha chai mwenyewe, alinikosoa mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Kila asubuhi alibeba beseni lake la maji ya kunawia uso, akafungua mlango wa jikoni, akavuka kizingiti, akamwaga maji kwenye shina la mlimau uwanjani, kisha akakaa juani.

Siku tulipomwambia kwamba tunahama hakulia. Alisema: "Siku nitakayoshikwa mkono kupelekwa msalani, hiyo ndiyo siku nimekufa, hata kama mnaniona napumua."

Mume wangu ni seremala. Maneno yale aliyachukua kama kazi aliyopewa na mteja. Kabla tingatinga halijafika aling'oa vizingiti vyote vya nyumba ya zamani, vile vya mbao ngumu alivyoweka marehemu baba yake, akaviandika chaki nyuma: chumba cha mama, ukumbi, msalani, jiko. Hata nyumba hii ameichagua kwa sababu ya mama yake. Iko ghorofani, ina ukumbi mrefu, na vyumba vimejipanga kama vile vya kule. Vitanda, kabati, kigoda, mtungi, kila kitu amekiweka pale kilipokuwa. Mimi nilitaka cherehani yangu ikae karibu na dirisha, nipate mwanga. Imekaa gizani, kwa sababu kule ilikaa gizani.

Machi 5

Sakafu ya hapa ni ya vigae, tambarare, milango haina vizingiti. Ilikuwa haina. Leo amevipigilia kimoja kimoja, na kidole gumba changu cha mguu wa kulia ndicho kilichokuwa cha kwanza kuvisalimia. Nimetukana. Mama mkwe amenisikia kutoka chumbani na kuniambia mwanamke mwenye kinywa kile angefaa kuuza samaki.

Halafu ameletwa mlangoni kwake. Amepapasa kwa unyayo, polepole, mpaka vidole vimelifikia lile kovu kwenye mbao. Mume wangu alilikata kwa shoka akiwa mtoto, akijifanya fundi, na akachapwa. Mama mkwe amesimama hapo, kidole kimeingia kwenye kovu, akatabasamu kwa namna ambayo sijamwona akitabasamu tangu alama nyekundu. Mume wangu amegeuka akajifanya anatafuta msumari, na msumari alikuwa nao mkononi.

Nitasema ukweli, hapo nilimpenda.

Machi 6

Leo amepachika cha mwisho, kile cha jikoni, kwenye mlango wa nyuma. Nimemuuliza cha nini. Mlango wa nyuma hapa hauendi uwanjani. Unafunguka kwenye ngazi ya saruji inayoshuka nje ya ukuta mpaka kwa jirani wa chini, ngazi isiyo na hata ubao wa kushikilia. Ameniambia kimoja kikikosekana mama atajua, na isitoshe kitazuia mvua isiingie jikoni. Hilo la mvua sikuweza kulipinga.

Nikasema basi mlango utiwe komeo. Akausukuma kwa bega, haukutikisika. Mbao imenyonya unyevu tangu kabla hatujafika, imevimba, imeng'ang'ania fremu, na hata komeo lililopo halifikii tundu lake.

"Mlango uliovimba haurandwi," akasema kwa ile sauti yake ya karakana. "Nikiuranda leo, jua likiwaka utabaki na mwanya wa kupitisha paka. Tusubiri kiangazi. Jua la kwanza tu utalegea wenyewe, ndipo nitie komeo."

Nikamwambia mimi maji machafu ninayamwaga leo, si kiangazi. Akacheka, akakusanya vyombo vyake akaondoka.

Machi 9

Mvua. Mlango wa nyuma umegoma. Ndoo ya maji machafu nimepita nayo ukumbi mzima mpaka mlango wa mbele, nikivuka vizingiti kama farasi.

Machi 10

Mvua.

Machi 14

Jirani wa chini amekuja kujitambulisha. Anafuga kuku chini ya ngazi yetu, kwa hiyo kila mtu anamwita Mama Kuku, na mwenyewe hakasiriki. Ni mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi: amekaa kidogo tu, tayari amenichambulia mboga zote. Ameshangaa kumwona mama mkwe akitoka chumbani, akavuka, akaja kukaa kwenye kigoda bila kupapasa. Amenong'ona kuniuliza kama kweli haoni. Mama mkwe akamjibu yeye mwenyewe kwamba haoni, ila masikio bado anayo mawili.

Mume wangu aliporudi nikamsimulia. Amefurahi mpaka kula akasahau.

Machi 19

Mvua, na mama mkwe. Sijui kipi kinanichosha zaidi. Cherehani inalia, nitie mafuta. Chai imechemka mno. Dirisha lipo wazi. Hivi kule kwetu alinisema namna hii, au ni kwamba kule nilikuwa na uwanja wa kukimbilia? Hapa tumefungiwa pamoja kutwa, mvua inapiga bati, na sina pa kumkimbilia zaidi ya msalani.

Machi 27

Mlango wa nyuma hata kwa bega haufunguki. Nimemwambia seremala wangu kwamba watu wote mjini wana milango mizuri kwa mkono wake isipokuwa mkewe. Amesema kiangazi.

Aprili 2

Leo nimeona jambo.

Nilitoka kupeleka sketi za mteja. Mvua ikanirudisha njiani, nikapanda bila kelele, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mama mkwe alikuwa ukumbini peke yake. Simjui yule niliyemkuta. Alikuwa amebana mgongo ukutani, mikono mbele, anasogea kwa nusu unyayo, na kila akifika kwenye mlango anasimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa shimo. Midomo inachezacheza. Alipofika kwenye kigoda alikishika kwa mikono miwili na kukaa huku anahema.

Na huyu ndiye anayetembea jioni, mwanawe akiwepo, kama malkia katika kasri lake.

Nilikohoa. Hakushtuka sana. Alisema tu, "Umerudi mapema," na mimi nikakaa sakafuni karibu yake na sketi zangu zilizolowa.

"Mbele yake natembea kwa kukariri," akaniambia. "Akitoka, natembea kwa kuogopa. Nyumba hii si ile, mwanangu. Sauti inarudi upesi mno. Kuta zina utelezi. Upepo unaingia kutoka upande usio wake. Vizingiti vyake vinauweka mguu wangu kwetu, halafu masikio yananiambia niko ugenini. Nachanganyikiwa."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mwanawe.

"Amenijengea. Mtoto akikujengea, unakaa." Akanitaka nisimwambie, nami nikaahidi.

Nimekuwa mkwe wake miaka yote hii nikidhani ni jiwe. Kumbe anaogopa kama mimi, na anajikaza kuliko mimi. Nimetia cherehani mafuta bila kuambiwa.

Aprili 3

Ameniomba nimwonyeshe nyumba yenyewe. Siyo ya zamani, hii.

Tumeanza baada ya mume wangu kwenda karakana. Nimempitisha kila ukuta. Hapa ndipo dirisha lilipo, na chini yake ni barabara ya watu wa miguu, ndiyo maana unasikia sauti zinapanda. Hapa ukuta una rangi ya mafuta. Amesema unamfanya ajisikie anashika mgongo wa mtu mwenye homa. Hapa kuna swichi. Hapa dari ni fupi. Alikuwa anauliza kama mnunuzi anayetafuta kasoro, na kila alichokielewa kilimnyoosha mgongo kidogo.

Tumefika jikoni. Nimemwekea kiganja kwenye mlango wa nyuma, nikamwambia nje ya huu hakuna uwanja, kuna ngazi ndefu inayokwenda kwa kuku. Akapapasa kizingiti kwa unyayo. Ni kile kile cha jikoni, kimelika katikati kwa miguu yake mwenyewe. 

"Basi mlimau wangu umebaki chini," akasema, "na mimi nimepandishwa juu kama samaki wa kutundikwa."

Sikuwahi kujua kwamba mama mkwe wangu anaweza kunichekesha mpaka nikashika meza.

Aprili 5

Tumeendelea. Sasa anajua hata mahali vigae viwili vinapocheza.

Aprili 6

Mvua. Tumefanya ukumbi tu.

Aprili 8

Leo ametoka chumbani mpaka jikoni peke yake, bila mgongo kugusa ukuta, mwanawe hayupo. Chai nilimkuta ameshaichemsha, na kikombe changu amekitia sukari ninavyopenda.

Aprili 12

Nimegombana na mume wangu.

Alirudi mapema, mvua imemzuia kupaka vanishi. Akatukuta ukumbini: mama amefumba macho, mimi nimemwambia asahau vizingiti, ahesabu kwamba havipo, asikilize nyumba. Nikafika mbali zaidi. Nilikuwa nimemsogezea kigoda dirishani, apate hewa.

Alisubiri mpaka mama yake alipoingia chumbani. Kisha akanivutia jikoni, akaniuliza ninamfanyia nini mama yake. Nikasema namfundisha nyumba. Akasema mama ana nyumba, amempangia mwenyewe, amevunja mgongo kumpangia, na mimi ninaibomoa nyuma yake. Akasema ninamchanganya. Neno hilo hilo, kuchanganya, ndilo alilonipa mama yake kwa siri, nami nimeahidi kunyamaza. Nikabaki nalo mdomoni.

Nikachagua maneno mengine, mabaya zaidi. Nikamwambia amemfungia mama yake ndani ya nyumba ya maiti. Alinyong'onyea. Alikaa juu ya ndoo, mtu mzima, akaangalia mikono yake.

"Hakuna kingine ninachojua kufanya," akasema. "Barabara sikuweza kuizuia."

Nimerudisha kigoda mahali pake.

Aprili 13

Tumenuniana. Mama mkwe amesikia kila kitu, bila shaka. Asubuhi nilipomwendea tuanze, amesema tupumzike kwanza. Amesema, "Usimvunje moyo. Nitazoea ya kwake."

Aprili 14

Mvua.

Aprili 18

Shule zinakaribia kufunguliwa na sare zimenifika shingoni. Kola, kola, kola. Masomo yetu hatujayarudia, na sitadanganya: ni nafuu. Nyumba imetulia. Mume wangu amenisamehe kwa kuninolea mkasi bila kuombwa, ndivyo anavyosema samahani.

Aprili 26

Mama mkwe anatembea vizuri. Nimemvizia bila yeye kujua, mume wangu akiwa kazini: hapapasi, habani ukuta. Anavuka chumba, anavuka ukumbi, anakwenda zake. Nimejisikia mjinga kwa ugomvi wote ule. Pengine seremala alikuwa sahihi, muda tu ndio uliohitajika.

Mei 2

Mlango wa nyuma umeota ukungu wa kijani pembeni. Nimeupangusa. Nimemwambia mwenye mlango wake. Kiangazi, amesema, kabla sijamaliza.

Mei 6

Mama mkwe ameniuliza kama malimau yameanza kukomaa. Nikamwambia yakikomaa Mama Kuku atatupandishia kwa kamba. Nilidhani ni utani wetu ule. Hakucheka, lakini cherehani ilikuwa inapiga kelele, huenda hakunisikia.

Mei 11

Mvua inapungua. Sare zimekwisha, mabega yangu pia.

Mei 15

Manyunyu asubuhi tu. Leo amesema, "Kule nyuma wameshafagia?" Nikasema nitafagia. Sakafu ya jikoni nimeifagia.

Mei 17

Mawingu, bila mvua. Mume wangu ana furaha, mbao zake zitakauka. Anasema wiki ijayo atashughulikia nyumbani, na mlango ndio wa kwanza.

Mei 21

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Sina kingine cha kufanya na mikono yangu.

Juzi jua lilitoka. Si lile la kuchungulia. Lilitoka kweli, asubuhi na mapema, likaingia kwa dirisha la ukumbi mpaka kwenye vizingiti. Nilifungua kila kinachofunguka. Nilianika magodoro. Mume wangu aliondoka anapiga mluzi. Mama Kuku alikuwa anaimba chini na kuku wake. Niliketi kwenye cherehani kumalizia gauni, na kwa mara ya kwanza tangu tuhame nilijisikia niko kwangu.

Nilimsikia mama mkwe akiamka. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nilisikia akinawa, akikohoa, akijisemea mambo yake. Kisha nikasikia miguu yake. Alivuka kizingiti cha chumba bila kusita. Akapita nyuma yangu, beseni mkononi, akanisalimia, akasema, "Leo nitaota jua." Nikamjibu bila kugeuka kwamba hata mimi nitalifuata. Nilidhani anakwenda msalani kumwaga maji yake, kisha atakaa dirishani. Miguu yake ilikuwa myepesi. Nikasema moyoni, amezoea. Nakumbuka nilivyofurahi. Nikapeleka kitambaa chini ya sindano.

Ikaja sauti ya bawaba. Sikuitambua, maana katika nyumba hii sijawahi kuisikia. Miezi yote hii mlango ule haukufunguka hata kwa bega la seremala, na jua la asubuhi moja lilikuwa limeulegeza, kama alivyosema mwenyewe. Nilikuwa bado ninajiuliza ni nini kinacholia, na mguu wangu ukaendelea kukanyaga cherehani.

Beseni ndilo lililopiga kelele. Lilishuka ngazi yote. Yeye hakupiga kelele.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na jua limejaa jikoni. Mama Kuku alikuwa ameshapiga magoti chini, amevua kanga yake na kuikunja chini ya kichwa cha mama mkwe, anamwambia asitikisike, anamwita mama yangu, mama yangu. Kuku walikuwa wanakunywa maji ya beseni. Nilishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi.

Alikuwa na fahamu. Uso wake ulikuwa umegeukia juani. Alipapasa saruji huku na huku kwa mkono mmoja, ule uliobaki mzima, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Akasema: "Nani ameondoa uwanja?"

Mei 22

Nyonga imevunjika, na kichwa kimevuja damu kwa ndani. Daktari amezungumza na mume wangu kando. Mume wangu amerudi, akasema kwamba mama atapona. Nimemtazama, nikaona hata yeye haamini.

Anarudia jambo moja tu: mlango. Alijua utalegea. Alisema kwa mdomo wake. Komeo lilikuwa kwenye boksi la karakana, jipya. Anajipiga paja kwa ngumi. Nimemshika mkono. Nami nilijua, aliniambia mimi. Miezi yote nililia kwamba mlango haufunguki, na haikuniingia akilini kwamba kutofunguka kwake ndiko kulikokuwa komeo.

Mei 24

Leo mama mkwe alikuwa na akili zake. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua dawa. Mama mkwe alisema amenitambua kwa harufu ya mafuta ya cherehani.

Nikamwomba radhi. Nikasema nilimwacha njiani, ningeendelea kumwonyesha nyumba, haya yasingetokea. Alinizuia kwa kidole.

"Ulinionyesha. Nilijua kuna ngazi. Nilijua mpaka asubuhi ile." Alipumzika kidogo. "Nilikuwa najifanya niko kwetu, kwa ajili yake. Nikajifanya, nikajifanya, mpaka siku nyingine nasahau kwamba najifanya. Halafu jua likanipiga usoni, mguu ukakuta kizingiti changu, kile kilicholika. Nikawa nyumbani, mwanangu. Sikuwaza. Mtu hawazi akiwa kwake."

Nililia. Aliniacha nilie, kisha akanifinya mkono kwa nguvu iliyonishangaza.

"Yeye mwambie niliteleza. Mwambie sakafu ilikuwa na maji. Mlango ataubeba, ni mwanamume, mlango hautamuua. Vizingiti usimwambie."

Mei 25

Hazungumzi leo.

Mei 26

Hazungumzi. Mume wangu anamwelezea vyumba, kimoja kimoja, na kila kitu kiko wapi, ili akirudi asipate shida.

Mei 27

Amefariki asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Hakushikwa mkono kwenda msalani hata siku moja katika nyumba yetu. Nimemwambia mume wangu hivyo, na ni kweli.

Mei 28

Tumezika.

Mei 30

Binti yetu amekuja, ameondoka. Watu wamekuja, wameondoka. Mama Kuku amepanda na chai mara sijui ngapi, kwa mlango wa mbele. Ile ngazi ameipita mbali hata alipowalisha kuku.

Juni 3

Mume wangu ameupigilia mlango wa nyuma mbao tatu kwa misumari mirefu. Alipiga mpaka ngumi ikachubuka. Kisha akakaa sakafuni, mgongo kwenye mbao zake, nyundo mapajani, nami nikakaa karibu yake.

Akaniuliza tena alivyoanguka. Nikamwambia aliteleza, sakafu ilikuwa na maji. Akasema labda alifungua mlango ili apate hewa tu. Nikasema labda. Akapitisha kidole kwenye kizingiti, pale palipolika katikati, taratibu, kama anavyopima ulaini wa mbao aliyoipiga msasa.

"Lakini vilimsaidia," akasema. "Au sivyo? Miezi ile alitembea mwenyewe. Nilikuwa namwangalia jioni. Alikuwa kama yuko kwake."

Ningeweza kusema. Lilikuwa hapo ulimini, lina uchungu, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kumeza maneno. Nilimwona alivyonitazama. Katika nyumba nzima hakuna kingine alichobaki nacho cha kushikilia.

"Vilimsaidia," nikasema. "Alikuwa amezoea kabisa."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akafuta uso kwa mkono ule uliochubuka, akaacha damu kidogo shavuni. Akasema basi havitang'olewa. Vitabaki, kila kimoja mahali pake, ukumbusho wa mama. Nikasema sawa.

Juni 10

Kiangazi kimeshika. Mvua zimekwisha, na nilisema nitaandika mpaka hapo.

Mume wangu ameanza kula. Asubuhi kabla ya kwenda kazini anasimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, anaweka kidole cha mguu kwenye lile kovu la shoka, halafu anaondoka. Nimemwomba niisogeze cherehani dirishani. Amesema niiache kwanza. Nimeiacha.

Leo nimepeleka nguo za marehemu kwa Mama Kuku, azigawe. Nilizibeba zote kwa mkupuo mmoja, zimenifika kidevuni, sioni miguu yangu. Nimetoka chumbani kwake, nikapita ukumbi wote mpaka mlango wa mbele, na nilipozitua ndipo nikagundua kwamba sikujikwaa popote. Mguu ulikuwa unainuka wenyewe kwenye kila mlango. Nimezoea.